Gia za auto zimeanza kusumbua? Cheki hivi vitu kabla fundi afungue giaboksi

Picha hii unaijua. Umetoka Kwanza asubuhi, ndai imebeba magunia matatu ya mahindi, unaelekea Kitale. Unakanyaga mafuta, injini inalia, lakini gari inasonga kama mzee ametoka shamba. Fundi wa kwanza anaskiza dakika moja tu: "Hiyo giaboksi imekufa, tafuta ingine."

Tulia kwanza. Giaboksi ya mtumba ni doh mob, na nayo hujui ilikotoka. Kabla utoe hata soo, pitia hii listi.

Jua uko na giaboksi gani

Probox za zamani, kuanzia 2002, na Fielder za kwanza za 2000 hadi 2006 ziko na auto ya gia nne. Fielder nyingi za 2006 kuendelea, na Probox za kuanzia 2014, ziko na CVT. Hiyo haina gia za kawaida, inatumia mkanda wa chuma na puli mbili. Oili zao ni tofauti kabisa. Ukiweka oili ya auto ya kawaida kwa CVT, mkanda utateleza na utaua giaboksi mzima mzima. Soma kitabu cha gari ama maandishi ya dipstiki. Auto nyingi za Toyota za miaka hiyo zinataka T-IV ama WS, na hizo mbili pia hazichanganywi ovyo. Ukiambiwa "oili nyekundu ni oili nyekundu", hepa.

Pima oili vile inafaa

Hapa ndio wasee wengi hukosea, juu wanapima kama oili ya injini. Kwa Toyota ya zamani yenye dipstiki:

1. Endesha kama dakika 20 ndio oili ipate moto.
2. Simama mahali flati, injini ikiwa inanguruma, hendibreki juu.
3. Kanyaga breki, pitisha gia polepole kutoka P hadi L, urudishe P.
4. Chomoa dipstiki, pangusa na kitambaa safi, rudisha, chomoa tena. Soma upande wa HOT.

Honda iko tofauti: unazima injini, halafu unapima kati ya sekunde 60 na 90 baadaye. CVT nyingi hazina dipstiki, hiyo mwachie fundi mwenye skana.

Sasa angalia rangi. Nyekundu na inapitisha mwanga, uko poa. Kahawia na inanuka kuungua, kuna sahani za klachi ndani zinachomeka. Ikikaa kama maziwa ya strawberry, zima gari hapo hapo: maji ya radieta yameingia, kwa sababu kwa ndai nyingi oili ya gia hupozwa na mrija unaopita ndani ya radieta.

Dalili na mahali pa kuanzia

*Unaweka D, gari inangoja sekunde mbili tatu ndio ishike.* Mara nyingi oili imepungua ama filta imeziba. Ikiwa inafanya hivyo asubuhi tu na inapotea ikipata moto, sili za ndani zimeanza kukauka.

*Injini inapanda mizunguko, spidi haipandi.* Hiyo ni kuteleza. Cheki oili leo, usingoje mwisho wa mwezi. Kila kilomita unayoendesha hivyo inakula klachi.

*Gia inaingia na kishindo.* Anza na mauntingi za injini na giaboksi. Raba ikipasuka, kila kitu kinaruka hata kama giaboksi ni safi. Mwambie mtu akanyage breki ashike D halafu R, wewe uangalie injini kutoka kando, usisimame mbele. Ikiruka sana, umepata mchawi, na ni wa bei nafuu.

*Haiingii gia ya nne.* Kwanza cheki kama taa ya O/D OFF imewaka kwa dashibodi. Pengine kuna mtu alifinya ile batani ya kando ya gia. Pili, uliza kama fundi alitoa themostati. Wengi huitoa "ndio gari isichemke". Lakini kompyuta hukataa kuweka gia ya juu mpaka injini ipate joto, na Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, asubuhi ni baridi noma. Utaendesha hadi Kiminini na gia ya tatu, mafuta yanaisha, na giaboksi haina kosa.

*Gia imekwama P.* Angalia taa za breki. Kama haziwaki, fiuzi ama swichi ya breki imeenda.

*Taa ya O/D OFF inawaka na kuzima yenyewe, ama gari imekwama gia moja.* Kompyuta imeona shida na inajilinda. Fundi asome kodi. P0700 ni kengele tu, haisemi shida iko wapi. P0750 ni solenoidi ya gia, P0715 ni sensa ya mzunguko. Solenoidi hubadilishwa bila kununua giaboksi nzima. Kabla ya yote, pima betri na waya za ardhi, juu umeme ukiwa chini kompyuta huchanganyikiwa.

Kubadilisha oili

Ukifungua bolti ya chini, auto ndogo ya Toyota humwaga kama lita 3 tu. Iliyobaki iko ndani ya konveta. Kwa hivyo pima kile kimetoka, rudisha kiasi hicho hicho, endesha wiki kadhaa, rudia. Cheki sumaku ya chini: tope laini la kijivu ni kawaida, vipande vya chuma ni habari mbaya. Na ukweli ni huu: kama oili imeungua na gari tayari inateleza, oili mpya haitarudisha klachi iliyokwisha. Hapo ndio unaongea mambo ya kufungua.

Usijaribu hizi

Usiweke N ukiteremka, hata kama unataka kuokoa mafuta. Ukishuka Kamatira na mzigo, weka 2 ama L, injini isaidie breki. Breki zikichemka pale, hakuna cha kukuokoa.

Usiweke R ama P kabla gari isimame kabisa.

Ikizima njiani, usivutwe na kamba magurudumu ya mbele yakizunguka chini. Yainuliwe, ama gari ipakiwe. Na kusukuma ndio iwake, sahau, auto haiwaki hivyo.

Ukifika kwa fundi, usiseme "gia ni mbaya". Mwambie inafanya nini, ikiwa baridi ama moto, gia ya ngapi, na oili iko rangi gani. Msee akijua unajua, story ya giaboksi mpya hupungua haraka sana.