Bwawa la Penzance: Mali ya Umma Huokolewaje?

Watu wanapokutana kuzungumzia mali ya umma iliyochakaa, iwe ukumbi, maktaba au kiwanja cha michezo, hakosi mmoja wa kusimama na kusema, "Tuiokoe!" Wote hupiga makofi. Wanaouliza kuokoa ni kufanya nini hasa huwa wachache. Napenda kulijibu swali hilo kwa kueleza historia ya bwawa moja la kuogelea lililo mbali na kwetu. Bwawa hilo liliokolewa mara tatu katika muda usiozidi miaka 30, na kila mara kwa njia tofauti.

Penzance ni mji mdogo wa wakazi wapatao 21,000, katika jimbo la Cornwall, karibu na ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Bwawa lake lilifunguliwa tarehe 31 Mei 1935, mwaka ambao Mfalme George V alitimiza miaka 25 ya utawala, na kwa sababu hiyo likaitwa Jubilee Pool. Aliyelibuni ni Kapteni Frank Latham, mhandisi wa mji. Hakulijenga mraba kama ilivyo kawaida. Alilijenga kwa umbo la pembetatu, likachomoza baharini juu ya miamba, ili kuta zake ziyagawe mawimbi badala ya kuyapokea kifuani. Maji yake ni ya bahari. Katika miaka hiyo ya 1930 miji mingi ya Uingereza ilijenga mabwawa ya wazi, na mfanyakazi wa kawaida akapata mahali pa kuoga na kupumzika kwa kiingilio kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalianza kubadilika. Mabwawa ya ndani yenye maji ya moto yaliongezeka, na safari za ndege kwenda Hispania zikawa rahisi. Bwawa la wazi lenye maji baridi lilipata wateja miezi michache tu ya kiangazi, lakini chumvi ililila saruji na chuma mwaka mzima. Tena sheria ya Uingereza haizilazimishi halmashauri kuwa na bwawa la kuogelea. Fedha zinapopungua, huduma ambayo sheria haiilazimishi ndiyo inayotangulia kukatwa. Mabwawa mengi ya wakati ule yalifungwa, mengine yakafukiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bwawa la Penzance nalo lilikuwa katika hali mbaya. Wapenzi wake waliunda chama cha kulitetea. Silaha yao ya kwanza ilikuwa sheria. Mwaka 1993 bwawa liliingizwa katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa, na tangu hapo hakuna aliyeweza kulibomoa au kulibadili bila kibali maalumu. Fedha za matengenezo zikapatikana, likafunguliwa tena. Huo ndio wokovu wa kwanza. Lakini sheria inaweza kumzuia mtu kubomoa tu. Haiwezi kumlipa mlinzi wa waogeleaji wala kununua rangi.

Wokovu wa pili ulitokana na msiba. Mwezi Februari 2014 dhoruba kali ziliipiga pwani ya kusini-magharibi. Huko Dawlish, katika jimbo jirani la Devon, bahari iliubomoa ukuta unaobeba reli, na njia kuu ya treni ya kwenda Cornwall ikakatika hadi mwezi Aprili. Bwawa la Penzance nalo liliharibiwa vibaya, likafungwa. Kulitengeneza kuligharimu takriban pauni milioni 3, fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitoka katika mfuko wa serikali na kwa halmashauri. Lilifunguliwa tena mwezi Mei 2016. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ulijengwa kweli. Hata hivyo swali la zamani lilibaki pale pale: nani ataliendesha kila siku bila hasara?

Ndipo wananchi wakafanya jambo ambalo ni gumu kuliko kuandamana au kutia sahihi. Mwaka 2017 walilichukua bwawa kutoka halmashauri wakaliendesha wenyewe, kwa kupitia chama cha manufaa ya jamii. Baadaye waliuza hisa. Watu zaidi ya 1,000 walinunua, na zikapatikana zaidi ya pauni nusu milioni. Katika chama cha namna hiyo mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache wote wana kura moja moja. Msingi huo si mgeni kwetu, kwa maana ndio uliofuatwa na vyama vya ushirika vilivyochipuka kutokana na mfano wa wafumaji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844. Haba na haba hujaza kibaba.

Hisa hizo, pamoja na misaada mingine, zilitumika kwa kazi ya akili. Chini ya Cornwall kuna miamba ya graniti ambayo kwa asili yake hutoa joto. Kisima kilichimbwa hadi kina cha mita 410, na joto la maji yake, likisaidiwa na pampu za joto, likatumika kupasha sehemu ndogo ya bwawa hadi kiasi cha nyuzi 35. Sehemu hiyo ilifunguliwa mwezi Septemba 2020. Biashara ya miezi michache ya kiangazi ikapata nafasi ya kufanya kazi hata majira ya baridi. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa kiini cha tatizo, na hapo ndipo walipopagusa.

Wako watakaosema kwamba hadithi hii yathibitisha kuwa wananchi wanaweza kila kitu, na serikali ikae kando. Mimi sikubali. Hebu tupige hesabu. Fedha zote za hisa zilikuwa kama sehemu moja ya sita ya gharama ya kutengeneza yaliyobomolewa na dhoruba moja. Bila hazina ya umma mwaka 2014, wananchi wa 2017 wasingekuwa na bwawa la kuchukua. Tena si kila mji una graniti ya moto chini yake, wala si kila mji una watu wenye akiba ya kununulia hisa. Mji maskini ukiambiwa ufanye kama Penzance bila kupewa kianzio, hiyo ni njia ya adabu ya kuunyima huduma.

Kwa upande mwingine, hazina ya umma peke yake nayo isingetosha. Ingeweza kulijenga bwawa, na miaka 20 baadaye tungerudi mahali pale pale. Bwawa lilihitaji sheria ya kulilinda, fedha kubwa ya kulisimamisha, na watu wa kuhesabu mapato na matumizi yake kila jioni. Likikosa moja kati ya hayo matatu, mengine mawili huwa kazi bure.

Vijana mlioko shuleni sasa mtarithi majengo na viwanja vingi vya umma, vingine vikiwa na nyufa. Siku mtakapoitwa kuviokoa, pigeni makofi kama desturi ilivyo, kisha ulizeni maswali matatu: sheria inasema nini, fedha ya matengenezo inatoka wapi, na nani atashika daftari kesho asubuhi? Mali bila daftari hupotea bila habari.