Jinsi marais wa Kenya walivyoondoka Ikulu

KENYA ilipojinyakulia uhuru Desemba 12, 1963, haikuwa na rais. Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu, naye Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza akasalia mkuu wa dola, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald. Wadhifa wa urais uliasisiwa mwaka mmoja baadaye nchi ilipotangazwa jamhuri. Kenyatta aliutwaa bila ya wananchi kupiga kura ya urais.

Katiba ya wakati huo haikuweka kikomo cha kuongoza, na Mzee Kenyatta alifia madarakani mjini Mombasa, Agosti 22, 1978. Miaka miwili awali, baadhi ya wanasiasa walikuwa wametaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais asishike hatamu hata kwa muda. Kampeni hiyo iligonga mwamba, na siku hiyo hiyo ya msiba Makamu wa Rais Daniel arap Moi akaapishwa kuwa kaimu rais kwa siku 90.

Mwaka wa 1982 Bunge liliifanya Kanu chama pekee cha kisiasa kisheria. Shinikizo za ndani na nje zilipozidi, sheria hiyo ilifutwa Desemba 1991. Mageuzi ya kipindi hicho pia yaliweka kikomo cha mihula miwili ya miaka mitano. Hesabu ya Moi ilianza upya mwaka wa 1992, hivyo akang'atuka 2002, na Mwai Kibaki wa muungano wa Narc akamshinda Uhuru Kenyatta wa Kanu.

Ushindi wa Kibaki wa 2007 ulizua ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,000. Mkataba wa Februari 2008 ulimpa Raila Odinga wadhifa wa Waziri Mkuu, na katiba mpya ikazinduliwa Agosti 27, 2010. Chini ya katiba hiyo, Mahakama ya Juu ilibatilisha ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta Septemba 1, 2017, lakini akashinda marudio ya Oktoba ambayo Odinga aliyasusia. William Ruto alimrithi Septemba 13, 2022.

Kufikia uchaguzi huo wa 2022, hapakuwa na rais wa Kenya aliyewahi kuangushwa debeni akitetea kiti chake. Kenyatta aliondolewa na mauti. Moi, Kibaki na Uhuru waliondolewa na kikomo cha mihula.