Ofseti ya rimu na ukubwa wa tairi

Ofseti ya rimu ni umbali, kwa milimita, kati ya uso wa rimu unaofungwa kwenye habu ya gari na mstari wa katikati ya upana wa rimu hiyo. Ukubwa wa tairi ni vipimo vya upana, kimo cha ukuta na kipenyo cha rimu vinavyoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa pamoja vipimo hivi huamua mahali gurudumu linapokaa chini ya gari. Katika gari dogo nafasi kati ya tairi, fenda na shokapu ni finyu, hivyo tofauti ya sentimita moja au mbili inaweza kulifanya tairi lisugue.

Katika Afrika Mashariki suala hili linawahusu hasa wenye magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, k.v. Toyota Vitz, Toyota IST na Toyota Passo. Wengine hubadilisha magurudumu ili kuinua gari kwa ajili ya barabara mbaya, wengine kwa ajili ya mwonekano, na wengine kwa sababu kipimo cha awali hakipatikani dukani.

Kusoma maandishi ya tairi

Tairi lenye maandishi 175/65R14 82T husomwa hivi:

* 175 ni upana wa tairi kwa milimita.
* 65 ni kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana. Asilimia 65 ya 175 ni milimita 113.75.
* R huonyesha kwamba tairi ni la aina ya radiali.
* 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 355.6.
* 82 ni namba ya uzito. Tairi hili linaweza kubeba hadi kilogramu 475.
* T ni alama ya mwendo wa juu kabisa, yaani kilomita 190 kwa saa.

Kipenyo cha tairi zima hupatikana kwa kujumlisha kipenyo cha rimu na kuta mbili, ya juu na ya chini: 355.6 + 113.75 + 113.75 = milimita 583.1.

Aina za ofseti

Ofseti huandikwa kwenye rimu kwa herufi ET, kifupi cha neno la Kijerumani Einpresstiefe. Kuna aina tatu:

* Ofseti chanya: uso wa kufungia uko upande wa nje wa mstari wa katikati, hivyo gurudumu huingia ndani ya gari. Magari madogo mengi yanayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele yana ofseti chanya.
* Ofseti sifuri: uso wa kufungia uko sawasawa na mstari wa katikati.
* Ofseti hasi: uso wa kufungia uko upande wa ndani, hivyo gurudumu hutokeza nje.

Ofseti haiwezi kutazamwa peke yake bila upana wa rimu. Kwa mfano, rimu ya upana wa inchi 5 na ET45 ikibadilishwa kwa rimu ya inchi 6 na ET30, inchi moja iliyoongezeka hugawanyika pande mbili, milimita 12.7 kila upande. Wakati huohuo rimu nzima husogea nje milimita 15. Ukingo wa nje hutokeza milimita 27.7 zaidi ya awali, na ukingo wa ndani huwa mbali na shokapu kwa milimita 2.3 zaidi. Rimu hiyohiyo ya inchi 6 ikiwa na ET45, ukingo wake wa ndani ungekaribia shokapu kwa milimita 12.7.

Gurudumu linalotokeza nje huongeza mzigo wa upande mmoja kwenye beringi. Pia huwa na nguvu zaidi ya kuvuta usukani linapogonga shimo au jiwe. Spesa zinazowekwa kati ya habu na rimu zina matokeo yaleyale, kwani kuweka spesa ya milimita 15 ni sawa na kupunguza ofseti kwa milimita 15.

Vipimo vingine vya rimu

Rimu yenye ofseti inayofaa bado inaweza kukataa kufunga. Idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo lazima vilingane na vya habu. Vitz na IST ya kwanza zina matundu 4 kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1. Rimu yenye tundu dogo kuliko hilo haiingii. Yenye tundu kubwa huhitaji pete ya kujazia ili ikae katikati, la sivyo gari linaweza kutetemeka kwenye mwendo mkubwa. Nati nazo zilingane na umbo la matundu: nati ya koni hufunga kwenye tundu la koni, na nati bapa kwenye tundu bapa.

Kulinganisha ukubwa wa matairi

Mafundi wengi hufuata kanuni kwamba kipenyo cha tairi jipya kisitofautiane na cha awali kwa zaidi ya asilimia 3. Kwa gari lililotoka na 175/65R14:

* 185/65R14 ina kipenyo cha milimita 596.1, ongezeko la asilimia 2.2.
* 175/70R14 ina kipenyo cha milimita 600.6, ongezeko la asilimia 3.
* 195/45R16 ina kipenyo cha milimita 581.9, karibu sawa na cha awali, lakini ukuta wake ni milimita 88 tu.

Gari huinuka kwa nusu ya ongezeko la kipenyo. Kwa hiyo 175/70R14 huinua gari kwa milimita 9 hivi, si 17. Kipimamwendo nacho hudanganya: kikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari linakwenda takriban 62. Baada ya kubadilisha, usukani huzungushwa hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa tupu na likiwa limebeba abiria, ili kuhakikisha tairi halisugui popote.

Barabara za mchanga: mfano wa Baleni

Baleni ni kata ya Wilaya ya Mafia katika Mkoa wa Pwani, Tanzania. Kisiwani Mafia barabara ya Kilindoni hadi Utende ni ya lami, lakini njia nyingi za vijijini na za kuelekea mashamba ya minazi ni za udongo na mchanga.

Katika mchanga laini dereva hupunguza upepo ili tairi lilale na kugusa eneo refu zaidi. Jambo hili linahitaji ukuta mrefu. Tairi la ukuta mfupi likipunguzwa upepo, rimu hugonga kwa urahisi jiwe au mzizi na kupinda. Upepo hujazwa tena mara gari linaporudi kwenye barabara ngumu, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo hupata joto kali na linaweza kupasuka. Ofseti ikipunguzwa sana, magurudumu hutoka kwenye mikondo iliyochimbwa na magari mengine, na tope la masika hurukia ubavu wa gari.

Hewa ya chumvi nayo hula rimu za chuma. Kutu ikifika pale tairi linapokaa kwenye rimu, upepo huvuja kidogokidogo bila pancha kuonekana. Fundi husugua kutu hiyo kabla ya kufunga tairi.

Upatikanaji ni sababu nyingine ya kuchagua kipimo cha kawaida. Bidhaa nzito hufika Mafia kwa bahari, k.v. kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Mwenye kipimo adimu akipasukiwa na tairi anaweza kusubiri chombo. Kwa sababu hiyohiyo tairi la akiba linapaswa kuwa na kipenyo sawa na mengine. Matairi mawili ya vipenyo tofauti kwenye ekseli inayoendesha gari huilazimisha difu kufanya kazi muda wote.

Usalama

Namba ya uzito ya tairi jipya isiwe ndogo kuliko ya awali. Tairi la 77 hubeba kilogramu 412, pungufu ya kilogramu 63 kwa kila gurudumu likilinganishwa na la 82. Upungufu huo ni hatari kwa gari linalojaza abiria na mizigo.

Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umeshazeeka na kupasuka nyufa. Vinundu vidogo ndani ya mifereji huonyesha kina cha milimita 1.6, kashata ikifika usawa wake, tairi limekwisha.

Baadhi ya magari kutoka Japani hufika na matairi ya theluji, ambayo mara nyingi huandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini na huisha haraka katika joto la pwani.

Kiasi cha upepo kinachopendekezwa huandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, pamoja na ukubwa wa matairi ya kiwandani. Kibandiko hicho ndicho mahali pa kuanzia kabla ya kununua rimu au tairi lolote.

Tazama pia

* Gurudumu
* Tairi
* Toyota
* Wilaya ya Mafia