Kutoka Gazeti la Siasa hadi Tamthilia ya Televisheni: Hilary Ng'weno na Suala la Majina

Jarida la The Weekly Review lilianza kutolewa jijini Nairobi mwezi Februari 1975, na mara likakutwa na mtihani. Tarehe 2 Machi mwaka huo Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho akiwa hai. Mwili wake uligunduliwa na mchungaji wa Kimaasai katika vilima vya Ngong, wilaya ya Kajiado. Kwa siku kadhaa taifa halikujua. Gazeti moja hata lilichapisha habari kwamba mbunge huyo alikuwa Zambia. Mchungaji alikuwa na ukweli ambao magazeti hayakuwa nao.

Mwenye jarida hilo, Hilary Ng'weno, hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akarudi nyumbani na kuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Yafaa kukumbuka jinsi uandishi wa siasa wa wakati ule ulivyofungwa na majina. Habari isiyo na jina la waziri au mbunge haikuwa habari. Lakini jina lilikuwa hatari. Kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji ya Kariuki, chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, ililazimika kufuta majina mawili katika taarifa yake kabla ya kuiwasilisha Bungeni mwezi Juni 1975. Ikiwa Bunge lenyewe halikuweza kuyataja, mhariri angeyataja kwa kinga gani? Ndipo ikakua ile sanaa ya The Weekly Review ya kusema nusu na kumwachia msomaji nusu. Wapo walioiita busara, wapo walioiita woga, na hapana shaka ilikuwa na sehemu ya yote mawili.

Mbegu ya tamthilia, hata hivyo, ilikuwa imekwisha pandwa. Mwaka 1973 Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha Joe, jarida la vichekesho na vibonzo lililomchukua mwananchi wa kawaida wa mjini, mwenye shida zake za kodi na mshahara, likamfanya kuwa kiini cha hadithi. Mwaka 1975, mwaka ule ule wa mauaji ya Ngong, ikatoka riwaya yake ya upelelezi, The Men from Pretoria. Katika kazi hizo mtu wa kubuniwa aliweza kusema ambayo mtu mwenye jina asingeweza. Gazeti lake jingine, Nairobi Times, lililoanza mwaka 1977, lilinunuliwa na chama cha KANU mwaka 1983 likageuzwa kuwa Kenya Times.

Miaka ya 1990 Ng'weno aliingia katika tamthilia ya televisheni kwa Usiniharakishe, iliyoonyeshwa na Shirika la Utangazaji la Kenya. Kwa wanafunzi wa lugha, jina hilo lastahili kutazamwa. Mtu ambaye sifa yake yote ilijengwa kwa Kiingereza alichagua neno moja la Kiswahili lililobeba sentensi nzima: mtenda, ukanushi, mtendwa, na kitenzi kilichonyambuliwa kutoka nomino haraka. Tena si neno la jukwaani. Siasa ya miaka ile ilizungumza kwa wito, kama ule wa "Nyayo", unaomtaka kila mtu afuate. Usiniharakishe ni neno la nyumbani, la anayeshinikizwa akimjibu anayemshinikiza.

Faida ya badiliko hilo yaonekana vizuri mtu akirudi Kajiado. Mwaka 1988 ranchi ya kikundi ya Kitengela, yenye hekta zipatazo 18,000, iligawanywa kwa wanachama wake, zaidi ya 200. Gazeti laweza kutoa hesabu hiyo na jina la afisa aliyegawa hati. Lakini baada ya hati kuna baba anayemwuzia mgeni ekari kumi bila kumwambia mkewe, na mwana anayerudi kutoka shuleni akakuta ua wa waya umekatiza njia ya ng'ombe. Hayo hayana msemaji rasmi wa kunukuliwa. Yanahitaji sebule, kimya na mlango unaofungwa, na hivyo ni vitu vya tamthilia. Mji wa Kitengela ulivyo leo kando ya barabara ya Namanga umejengwa juu ya maelfu ya mazungumzo ya namna hiyo.

Hasara nayo ipo. Tamthilia ya familia humwokoa mwandishi na jina, lakini pia humwokoa mwenye hatia. Yaelekea Ng'weno hakuridhika kuliacha jambo hapo. The Weekly Review ilifungwa mwaka 1999, na mwaka 2007 akatoa filamu za historia ya siasa ya Kenya, The Making of a Nation, safari hii kwa Kiingereza na kwa majina kamili, mauaji ya Kariuki yakiwamo. Alifariki mwezi Julai 2021.