Simba wa Danieli na Ukoo wa Jina Lake

Mgeni wa kutoka pwani akishuka Masimba, huku Nyaribari Masaba, hakosi kuuliza kwa utani simba wenyewe wako wapi. Wenyeji hucheka. Kwa Ekegusii mnyama huyo ni endo, na ukivuka kwa majirani Wajaluo, simba ni nyumba anamolala kijana ambaye hajaoa.

Hata hivyo simba hutajwa sana huku, hasa siku ya Sabato. Waadventista walifika Gusii miaka ya 1910, na Danieli ni nabii wao kipenzi. Mtoto wa Masimba hukijua kisa cha tundu la simba kabla hajajua kusoma.

Kisa hicho hakikuandikwa kwa Kiebrania. Kitabu cha Danieli, kuanzia sura ya 2 aya ya 4 hadi mwisho wa sura ya 7, kiko katika Kiaramu, lugha ya makarani wa dola ya Uajemi. Humo simba mmoja ni arye, na wale wa tunduni ni aryawata. Kiaramu kilikuwa kikibandika -a mwishoni mwa nomino kuonyesha kwamba kinachotajwa kinajulikana, na umbo hilo ndilo lililodumu: Wakristo wa Syria waliandika arya, na Waashuri wa Iraki husema hivyo hata leo. Simba yumo pia katika methali za Ahikari, zilizopatikana kwenye mafunjo ya karne ya 5 KK katika kisiwa cha Elephantine, kwenye Mto Nile. Maji ya mto wetu wa Gucha, yakishapita Ziwa Victoria, huishia kupita hapo hapo.

Sasa angalia ndugu za neno hilo. Kwa Kigeez cha Ethiopia, arwe ni mnyama wa mwituni, yeyote yule. Hekaya za huko zinasema Arwe alikuwa joka lililotawala nchi kabla ya wafalme, likitoza ushuru wa wasichana na mifugo hadi shujaa mmoja alipoliua. Kwa Kiarabu, ambako simba ni asad, urwiyya ni mbuzi wa milimani! Inaelekea basi mwanzoni neno lilikuwa la wanyama wa porini kwa jumla. Waaramu na Waebrania wakampa yule waliyemwogopa kuliko wote.

Simba wetu naye ana historia ya namna hiyo. Wapo wanaoshikilia kwamba jina lake lilitoka India, kwa kuwa Kisanskriti husema simha, neno lililomo katika jina la Singapore. Mimi sikubali. Wazulu wana insimba, Washona wana tsimba, na Baganda wana ukoo mzima wa Kasimba. Wote hao wanamtaja kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa na mkia mrefu anayeiba kuku usiku. Mfanyabiashara gani wa Kihindi aliyefika Uzuluni kuwafundisha watu jina la mwizi wa kuku wao? Neno ni la Kibantu. Katika Kiswahili kanu amepandishwa cheo akawa simba.

Wazee wa Masimba wanaojua jina la soko lao lilivyoanza wako. Wajukuu, waulizeni, na muyaandike majibu yao.