Jinja, Mbale na Safari ya Marejeleo

Kila msimu wa kukabidhi tasnifu, swali moja hurudi madarasani: kwa nini mwalimu akate alama kwa sababu ya koma, mabano au mwaka uliokosewa katika orodha ya marejeleo? Wanafunzi wengi huiona kazi hiyo kuwa urembo wa dakika za mwisho. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano ya historia kutoka mashariki mwa Uganda, kwamba rejeleo ni njia. Likikosewa, msomaji haufikii ushahidi, na pengine aliyefanya kazi hupotea jina.

Kwanza tutazame asili ya mitindo yenyewe. Mtindo wa jina na mwaka ndani ya mabano, tunaoutumia sana katika idara za lugha, huitwa mtindo wa Harvard. Chanzo chake kwa kawaida hutajwa kuwa Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu konokono asiye na gamba. Mtindo wa namba, unaopendwa na matabibu, ulipata kanuni zake baada ya wahariri wachache wa majarida ya tiba kukutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Walitaka mwandishi aweze kupeleka mswada wenye umbo moja kwa jarida lolote miongoni mwa yale waliyoyahariri. Kwa hiyo mitindo hii ilibuniwa na watu waliokuwa na shida za kazi, wakazitafutia dawa.

Sasa twende Jinja. Mwaka 1947 shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa katika mji huo, likijulikana kwa kifupi kama EAFRO. Baadaye likaitwa EAFFRO. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kituo cha Jinja kikabaki mikononi mwa Uganda kwa jina la UFFRO, kisha FIRI, na hatimaye NaFIRRI. Nchi jirani nazo zikaunda taasisi zao: KMFRI ya Kenya mwaka 1979 na TAFIRI ya Tanzania mwaka 1980. Mwanafunzi anayetaja ripoti ya miaka ya 1950 na kuandika kwamba mchapishaji ni NaFIRRI amempa msomaji anwani ya nyumba ambayo wakati ule ilikuwa haijajengwa. Atakayeitafuta ripoti hiyo maktabani kwa jina hilo huenda asiipate kabisa. Kanuni hapa ni nyepesi: andika jina lililochapwa kwenye jalada la ripoti, halafu ueleze katika matini kwamba taasisi hiyo leo inaitwaje.

Je, jambo hili lina uzito gani? Chukua mfano wa sangara, anayeitwa mbuta nchini Kenya na mputa nchini Uganda. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti wa Jinja, alichapisha hoja za kupinga pendekezo la kumpandikiza samaki huyo katika Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1980 sangara akaongezeka mno, na aina nyingi za furu wa asili zikatoweka. Nani alimleta, na lini? Mwaka 2005 Robert Pringle alichapisha katika jarida la BioScience makala yaliyoirudia historia hiyo tangu mwanzo. Alionyesha kwamba maofisa wa idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda walianza kumtia ziwani kwa siri mwaka 1954, kabla ya upandikizaji wa wazi wa 1962 na 1963. Dai zito kama hilo haliwezi kusimama kwa maneno ya "inasemekana". Linahitaji jina la idara, mwaka na ukurasa, ili anayebisha aende akasome mwenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mtafiti mwaminifu iwe ndefu, na yeyote aweze kuipita.

Jinja inatufundisha pia kuhusu mabano. Ngege, yaani sato wa asili wa Ziwa Victoria, huandikwa kitaalamu Oreochromis esculentus (Graham, 1928). Mwanafunzi aliyezoea mtindo wa Harvard atadhani hilo ni rejeleo, kisha aliingize katika orodha yake. Sivyo. Hiyo ni sehemu ya jina la samaki. Michael Graham ndiye aliyemwelezea kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1928, akamwita Tilapia esculenta. Wataalamu walipomhamishia jenasi nyingine, kanuni za zuolojia zikataka jina la Graham litiwe ndani ya mabano. Kama samaki angebaki katika jenasi yake ya kwanza, mabano yasingekuwapo. Ripoti kubwa ya Graham kuhusu uvuvi wa ziwa hilo ilichapishwa mwaka 1929, na hiyo ndiyo inayotajwa kama rejeleo mtu anapojadili uvuvi. Alama ni ileile, kazi ni mbili.

Tukiacha Jinja na kushika barabara ya Tirinyi, tunafika Mbale. Hapa jambo si jina la taasisi bali la mtu. Mwaka 2011 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika katika hospitali 6 za Uganda, Kenya na Tanzania, Hospitali ya Mbale ikiwa mojawapo. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walihusishwa. Ilibainika kwamba kuwatia maji mengi kwa haraka kwenye mshipa, jambo lililodhaniwa kuokoa maisha, kuliongeza vifo. Dunia nzima huutaja utafiti huo kama "Maitland na wenzake (2011)".

Hao wenzake ni akina nani? Anayefuata Kathryn Maitland ni Sarah Kiguli, kisha Opoka, kisha Engoru, na wa tano ni Peter Olupot-Olupot wa Mbale. Katika matini yenye mtindo wa jina na mwaka, wote hao humezwa na maneno mawili. Katika orodha inayotaja waandishi 3 kabla ya "na wenzake", Kiguli na Opoka huonekana, lakini mtu wa Mbale hayumo. Orodha ikitaja 6, Olupot-Olupot anatokea. APA, katika toleo lake la 7 la mwaka 2019, huruhusu hadi waandishi 20 katika orodha. Namba inayochaguliwa na mhariri ndiyo inayoamua kama msomaji atajua kwamba daktari wa Mbale alikuwamo.

Nasi wa Kiswahili tusidhani mambo haya ni ya wanasayansi peke yao. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikaa Makerere kuanzia 1952, na jarida lake limebadili jina zaidi ya mara moja hadi kuitwa Kiswahili. TUKI nayo ikawa TATAKI mwaka 2009. Kitabu kilichochapwa na TUKI kibaki cha TUKI katika orodha yako.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, kabla ya kukabidhi kazi yako, fanya jaribio moja. Mpe mwenzako orodha yako ya marejeleo, mwende pamoja maktabani, nawe ukae kimya. Kila kitabu atakachoshindwa kukipata, rudi ukasahihishe rejeleo lake.