Sanduku la Buluu la Binghamton

Edwin Link alizaliwa mwaka 1904, akakulia katika karakana ya vinanda ya babaye mjini Binghamton, jimbo la New York. Naye, kwa kuwa alipenda urubani kuliko muziki, na masomo yake yalikuwa ghali kupita kiasi, alichukua mivukuto na pampu za hewa za kinanda, na kufikia mwaka 1929 akawa ameunda kijidege chenye mbawa fupi, kisichoondoka sakafuni, illa huinama, huzunguka na kuinua pua kwa kadiri usukani unavyovutwa. Wakubwa wa urubani hawakukijali. Walionunua kwa wingi ni wenye viwanja vya burudani, na watu wakalipa senti zao wapate kutikiswa na kucheka.

Kilichowazindua wakubwa ni msiba. Mapema mwaka 1934 Rais Roosevelt alivunja mikataba ya makampuni yaliyochukua barua kwa ndege, akalikabidhi jeshi kazi hiyo katikati ya majira ya baridi. Na marubani wa jeshi, hodari mchana kweupe lakini wasiozoea kuruka gizani na mawinguni, walianguka mmoja baada ya mwingine, hatta waliokufa wakapita kumi katika muda wa majuma machache. Yasimuliwa kwamba maafisa waliomngoja Link huko Newark, siku ya ukungu mzito, walikwisha kata tamaa ya kumwona, ndipo akatua mbele yao salama, akiongozwa na vipimo peke yake. Mwaka huo huo jeshi likanunua vijidege vyake sita, vilivyokuja kuitwa masanduku ya buluu.

Siri ya sanduku hilo ilikuwa katika kifuniko. Mwanafunzi akishafungiwa ndani haoni kitu ila dira na saa za vipimo, na mwalimu, aliyeketi mezani kando, humsemesha kwa simu ya masikioni, huku kidude cha magurudumu, walichokiita kaa, kikitambaa juu ya ramani na kuchora kwa wino kila upotevu wake. Madhali upeo wa macho haupo, sikio la ndani humwongopea mtu: ndege imelala upande, naye huapa kwamba i sawasawa. Kuukana mwili wake na kuiamini sindano, hiyo ndiyo elimu iliyouzwa ndani ya sanduku lile la buluu, na katika vita vya pili vya dunia yakadiriwa watu 500,000 waliipata humo.

Kisha mchezo ukarudi kwa wachezaji. Bruce Artwick, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Illinois, alitoa programu yake ya urubani kwa kompyuta ya Apple II mwaka 1979, na mwaka 1982 ikatoka ile ya Microsoft, ambayo safari zake zilianzia Meigs, kiwanja kidogo cha ndege kando ya ziwa mjini Chicago. Meya alikivunja usiku mwaka 2003, lakini katika kompyuta za mashabiki ndege zingali zikitua.

Mashabiki hawa aghalabu hujua masafa ya redio na taratibu za kutua kuliko mwanafunzi mgeni wa chuo, nami siudharau ujuzi huo. Ila kiti chao hakiinami, na mwili usiopata kuongopa haujajaribiwa kukanwa. Waalimu wa urubani huwatambua upesi: macho yamegandama kwenye vipimo, dirisha halitazamwi, ilhali mwanafunzi wa mwanzo hurusha ndege kwa kuutazama upeo. Basi baadhi ya waalimu hao huchukua karatasi, wakaviziba vipimo.